Emily Ruete (Sayyida Salme)

Emily Ruete (jina la kuzaliwa: Sayyida Salme binti Said, Zanzibar, 30 Agosti 1844 – Jena, Ujerumani, 29 Februari 1924) alikuwa binti wa Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, na mwandishi wa kitabu cha kumbukumbu kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886. Wengi wanamjua kama binti wa mfalme aliyeondoka na Mjerumani. Asiyejulikana sana ni mama aliyeandika habari za ukoo wake ili watoto wake waliozaliwa ugenini wajue walikotoka.

== Asili na utoto ==

Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni, kaskazini mwa Mji Mkongwe. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Sultani, Mcherkasi kutoka milima ya Kaukazi. Wazazi wa Jilfidan waliuawa wakati wa vita, naye akatenganishwa na kaka yake na dada yake, asipate habari zao tena. Alipofika katika nyumba ya Sultani alikuwa na umri wa miaka 7 au 8. Umri huo ulikisiwa kwa sababu jino lake la kwanza la utoto liling'oka akiwa tayari humo. Habari ndogo kama hiyo haipatikani katika barua za mabalozi wala katika mikataba ya biashara. Imebaki kwa kuwa binti yake aliiandika.

Mtoni aliishi na wake, masuria, ndugu wengi na watumwa, na katika jumba hilo moja zilisikika lugha nyingi: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi na Kihabeshi. Mwaka 1851 yeye na mama yake walihamia Beit al-Watoro, nyumba ya kaka yake Majid. Huko alifundishwa kupanda farasi na kulenga shabaha. Baadaye walihamia Beit al-Tani.

Mabinti wa ukoo huo walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alijifunza kwa siri. Alinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ulitumika kama ubao, kisha akamtumia mtumwa aliyejua kuandika awe mwalimu wake. Bila ujuzi huo wa siri kitabu chake kisingekuwapo.

== Ugomvi wa ndugu ==

Sultani Said alifariki baharini mwaka 1856, akaacha watoto 36 walio hai, wa kiume 18 na wa kike 18. Majid alipata Zanzibar, na Thuwaini akapata Omani. Salme, aliyekuwa na miaka 12, alihesabiwa mtu mzima na kupewa urithi wake. Mwaka 1859 mama yake alifariki kwa kipindupindu.

Mwaka huohuo Barghash alimpinga Majid. Salme alimpenda Majid, lakini dada yake Khole alimvuta upande wa pili. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa katibu wa waasi akiwa na miaka 15 tu. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, jambo ambalo Barghash hakumsamehe maisha yake yote.

== Kuondoka Zanzibar ==

Katika Mji Mkongwe alifahamiana na jirani yake Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Alipata mimba, na hali hiyo ilihatarisha maisha yake. Mwezi Agosti 1866 aliondoka kwa manowari ya Uingereza iliyoitwa Highflyer, akafika Aden, ambako alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa. Mtoto yule alifariki wakiwa safarini kwenda Ujerumani. Katika kitabu chake Emily hakumtaja. Msomaji wa kumbukumbu za aina hii na aangalie pia yale ambayo mwandishi ameyanyamazia.

Hamburg walizaliwa Antonie Thawka (1868), Rudolph Said (1869) na Rosalie Ghuza (1870). Kila mmoja alipewa jina la Kijerumani na la Kiarabu. Mwezi Agosti 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi akafa. Emily akabaki mjane mwenye watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo lugha na baridi yake vilikuwa bado vigeni kwake. Aliishi katika miji mbalimbali, akifundisha Kiarabu ili kuongeza kipato. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alitembelea London. Emily alikwenda huko kutafuta suluhu, lakini maofisa wa Uingereza walimzuia asimwone.

== Kitabu cha kumbukumbu ==

Alianza kuandika karibu miaka 9 kabla ya kitabu kutolewa. Wakati huo watoto wake walijua tu kwamba mama yao ni Mwarabu kutoka Zanzibar. Afya yake ilikuwa dhaifu, akaogopa kufa kabla hawajafikia umri wa kusimuliwa. Hakukusudia kuchapisha. Marafiki zake ndio waliomshawishi.

Kwa hiyo kitabu kinaeleza mambo ambayo mtoto angeuliza: nani alilala chumba gani, chakula kilipikwaje, sikukuu zilisherehekewaje, wagonjwa walitibiwaje, babu alikuwa mtu wa namna gani. Ni miongoni mwa kumbukumbu za kwanza kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Sura za mwisho ziliongezwa baada ya safari ya 1885, alipokwenda Zanzibar na watoto wake pamoja na manowari za Ujerumani. Bismarck alitaka kuyatumia madai yake ya urithi kumshinikiza Sultani. Barghash alikataa kumpokea. Hata hivyo watoto waliuona mji wa mama yao kwa macho yao.

Kuna sehemu ambayo haiwezi kusomwa bila kusita. Emily alitetea utumwa wa nchi za Waarabu na kuwasema vibaya Waafrika. Mama yake mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, lakini hilo halikubadilisha maoni yake. Wanahistoria hutumia kitabu hiki kama ushahidi wa maisha ya ndani ya kasri, si kama sauti ya waliofanya kazi humo.

== Miaka ya mwisho na urithi ==

Mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, alirudi Zanzibar na Rosalie, lakini hakupata haki aliyoidai. Kisha aliishi Jaffa na Beirut hadi mwaka 1914, aliporudi Ujerumani. Alifariki Jena na kuzikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg.

Mwanawe alitumia jina la Rudolph Said-Ruete, akaandika kitabu kuhusu babu yake Said bin Sultan kilichotolewa mwaka 1929, na kukabidhi maktaba yake kwa taasisi ya masomo ya Mashariki mjini Leiden, Uholanzi. Emily aliacha pia maandishi katika umbo la barua kwa rafiki wa Zanzibar, akieleza maisha yake Ujerumani. Hayakuchapishwa akiwa hai. Yalitolewa kwa Kiingereza mwaka 1993.

Beit al-Sahel iliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na Mtoni imebaki magofu. Katika jumba la makumbusho la kasri, Mji Mkongwe, kuna chumba kilichotengwa kwa ajili yake.