Carl Laemmle: Mhamiaji aliyewafungulia mashabiki lango la filamu

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inayaafiki barabara maisha ya Carl Laemmle, mwasisi wa kampuni ya filamu ya Universal, aliyejipatia riziki na sifa kwa kuwakaribisha wageni.

Laemmle alizaliwa Januari 17, 1867, katika mji mdogo wa Laupheim, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mnamo 1884, akiwa barobaro wa miaka 17, aliabiri meli kwenda Marekani. Huko alifanya vibarua mbalimbali kabla ya kuwa meneja wa duka la nguo mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin.

Mwaka 1906 aliiacha kazi hiyo na kufungua jumba dogo la sinema jijini Chicago. Kiingilio katika majumba ya aina hiyo kilikuwa senti tano, kiasi ambacho hata maskini aliweza kumudu. Miaka miwili baadaye, kampuni zilizomiliki hataza za kamera na mitambo ya kuonyeshea filamu, ikiwemo ile ya mvumbuzi Thomas Edison, ziliungana na kudai ada kutoka kwa kila mwenye sinema. Laemmle alikataa. Alianza kutengeneza filamu zake mwenyewe mwaka 1909 na ingawa aliburutwa kortini mara kadha wa kadha, hakusalimu amri. Mnamo 1912, yeye na washirika wake waliunda Universal.

Machi 15, 1915, alifungua Universal City kwenye shamba la ekari 230 karibu na Los Angeles. Kwa senti 25, mgeni aliketi jukwaani akawatazama waigizaji wakichapa kazi. Kwa kuwa filamu za wakati huo hazikuwa na sauti, mashabiki walikuwa huru kushangilia na hata kuzomea. Filamu za sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kelele hizo hazingevumilika tena, na ziara zikasitishwa.

Mnamo 1936, Laemmle alilemewa na madeni na kampuni ikamponyoka. Hata hivyo, hakukaa kitako. Tangu Adolf Hitler atwae mamlaka mwaka 1933, Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wakiteswa, na aliyetaka kuhamia Marekani alihitaji mdhamini. Laemmle alitia saini hati za kiapo, akiahidi kwamba wahamiaji hao hawangekuwa mzigo kwa serikali. Maafisa wa Marekani walipoanza kuzitilia shaka hati zake kwa sababu ya uzee wake na wingi wa aliowadhamini, aliendelea kuwasihi. Inaaminika kuwa aliwaokoa zaidi ya watu 300, wengi wao kutoka Laupheim na viunga vyake.

Aliaga dunia Septemba 24, 1939, akiwa na umri wa miaka 72, majuma matatu tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuzuka.

Ziara za studio zilirejeshwa mwaka 1964. Bustani za burudani za Universal sasa zinapatikana pia Orlando, Osaka, Singapore na Beijing. Mamilioni huingia humo kila mwaka kujionea maajabu ya filamu, wengi wao wasimjue mzee aliyewafungulia lango. Lakini kwa wajukuu na vitukuu vya wale aliowadhamini, jina lake halisahauliki. Bila saini yake, huenda hawangezaliwa.