Fundi wa Nyumbani na Sahihi ya Serikali

Si kila chombo kilichoishangaza dunia kilitoka katika kiwanda kikubwa. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za marehemu Henri Mignet, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1965, ambaye aliwaonyesha watu wa kawaida kwamba ndege yaweza kuundwa nyumbani kwa msumeno, randa na gundi.

Mignet alishindwa kuzoea ndege za zama zake, ambazo zilimtaka rubani atumie mikono na miguu kwa mapatano magumu. Badala ya kukata tamaa, alibuni ndege nyepesi yenye mabawa mawili, moja mbele na la pili nyuma yake, karibu karibu. Bawa la mbele liliinuka na kushuka kwa fimbo moja, na fimbo hiyo hiyo ikageuza usukani wa mkiani. Mwaka 1933 ndege hiyo ya mbao na kitambaa iliruka, ikisukumwa na injini ndogo isiyozidi nguvu ya pikipiki. Aliiita Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Waingereza wakaiita kiroboto.

Mwaka 1934 alitoa kitabu kilichoeleza kila kipimo na kila kiungo. Hakuficha ufundi wake. Maseremala, makarani na walimu, katika Ufaransa, Uingereza na kwingineko, waligeuza vyumba vyao kuwa karakana. Mwezi wa Agosti 1935 yeye mwenyewe alivuka mkono wa bahari unaoitenga Ufaransa na kisiwa cha Uingereza, akatua salama, na shauku ikazidi kuwaka.

Lakini shauku si kipimo cha usalama. Punde vifo vikaanza. Ndege ilipoinamisha pua kupita kiasi, rubani alivuta fimbo ili aiinue, kumbe alikuwa akizidisha balaa: bawa la mbele lilipoinuka, upepo uliobanwa kati ya mabawa mawili ulilipa bawa la nyuma nguvu ya kuinua mkia, na pua ikazidi kuelekea ardhini. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, na ndivyo ilivyowapata watu hao.

Hapa ndipo tunapoomba wakuu wa serikali watege sikio. Mwaka 1936 wataalamu wa Uingereza huko Farnborough, na wenzao wa Ufaransa huko Chalais-Meudon, waliiweka ndege nzima mbele ya mashine kubwa za upepo, wakaipima mpaka kasoro ikajulikana. Ndege za namna ile zilizuiwa kuruka. Amri hiyo iliwauma wengi waliokwisha kutoa akiba na jasho lao, lakini iliokoa roho. La kusikitisha ni kwamba kipimo kilikuja baada ya maziko, hali kilistahili kuja kabla ya ruhusa.

Mignet naye hakukimbia kazi. Alirekebisha nafasi ya mabawa na umbo lake, akaendelea kubuni aina mpya, hata katika Marekani na Argentina, mpaka mwisho wa maisha yake. Ndege za ukoo huo zilizosahihishwa zingali zikirushwa na wapenzi wake hadi leo.

Sisi wa visiwani twalijua jambo hili bila kufundishwa. Mafundi wetu wameunda majahazi na ngalawa chini ya miembe, bila michoro, na bahari ndiyo iliyokuwa hakimu wao. Hatuna budi kuwaheshimu wabunifu wa namna hiyo, wala haifai afisa awafungie mlango kwa sababu tu hawana kiwanda. Lakini heshima ya kweli si kutia sahihi kwa kupendezwa. Heshima ya kweli ni kwenda karakanani na kukipima chombo, kisha kumweleza fundi kasoro kwa lugha anayoielewa na kumpa nafasi ya kuisahihisha.

Na fundi, kwa upande wake, akumbuke kwamba atakayeketi ndani ya chombo chake ni mwana wa watu. Serikali ikipima mapema, na fundi akikubali kupimwa, ubunifu hautakufa, wala wananchi hawatakufa kwa ajili yake.