Jeevanjee: Tajiri Aliyeupa Mji Uwanja

Athens ya kale ilikuwa na uwanja wake, Agora. Hapo watu walinunua na kuuza, wakazungumza mambo ya mji, na msafara wa sikukuu kuu ukapita papo hapo. Sisi wa pwani hatuoni ajabu. Lamu ina Mkunguni, mbele ya ngome. Nairobi, mji uliozaliwa na reli, ulipewa uwanja wake na Muislamu wa Kibohora.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Afrika Mashariki mwaka 1890. Alileta wafanyakazi wa reli kutoka Bara Hindi, kisha akaanzisha gazeti Mombasa. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani katikati ya mji. Akawa Mwasia wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, akapinga ubaguzi uliowatengea Wazungu vilima vya magharibi mwa mji.

Alifariki mwaka 1936, utajiri wake mwingi umekwisha potea. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kuigeuza bustani kuwa maegesho ya magari. Jamaa zake na wananchi wakaukataa, ukafa. Hadi leo wachovu hupumzika humo, wenye hoja hubishana. Hiyo ndiyo sadakatul jariya.