Louis Braille na Wazazi Wake

Kabla hatujaingia katika tofauti ya kauli ya kutendea na kauli ya kutendesha, na tuyatazame maisha ya mtu ambaye wazazi wake waliifahamu tofauti hiyo kwa vitendo.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu, alikichezea chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, nacho kikamchoma jicho. Jeraha liliingia maradhi, maradhi yakaenea hadi jicho la pili, na alipofikia miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Zama hizo wengi wasioona waliishia kuombaomba. Simon-René na mkewe Monique wangeweza kumweka mwana wao ndani na kumfanyia kila jambo kwa huruma. Hawakufanya hivyo. Baba alimtengenezea fimbo, akamzoeza kutembea nayo kijijini. Alimpa kazi ndogondogo za ngozi. Alipigilia misumari ubaoni kwa umbo la herufi, ili mtoto azisome kwa vidole. Kisha wakampeleka katika shule ya kijiji, akaketi na wenzake wanaoona, akajifunza kwa kusikiliza.

Mwaka 1819, Louis akiwa na miaka 10, walikubali kuachana naye ili akasome katika shule ya wasioona mjini Paris. Huko alikuta vitabu vya herufi kubwa zilizoinuliwa. Zilisomeka polepole, lakini mwanafunzi hakuweza kuziandika kwa urahisi. Charles Barbier, aliyekuwa afisa wa jeshi, alikuwa amebuni maandishi ya nukta 12. Louis, akiwa na miaka 15 tu, alizipunguza zikawa 6, zikaenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1829, naye akawa mwalimu katika shule iyo hiyo. Alifariki tarehe 6 Januari 1852. Miaka miwili baadaye Ufaransa iliyakubali rasmi maandishi yake, ambayo leo tunayaita nukta nundu.

Sasa turejee kwenye vitenzi vyetu. Kumsomea mtoto ni kusoma kwa ajili yake. Kumsomesha ni kumfanya asome mwenyewe. Simon-René alipomtengenezea mwanawe fimbo, alimtendea. Alipomtembeza nayo, alimtendesha. Mtoto mwenye ulemavu anazihitaji kauli zote mbili, ya kwanza ikiiandalia njia ya pili. Sisi walimu tutakutana na wazazi wengi wenye mapenzi makubwa ambao wameishia kwenye ile ya kwanza. Ni wajibu wetu kuwasaidia kuvuka.