Carl Rogers, Mtu wa Kusikiliza

Mara hii tunawaletea maisha ya Carl Rogers, ule Mmarekani ambaye njia yake ya kusaidia watu wenye shida za moyo ilifika katika inchi mingi.

Alizaliwa tarehe 8/1/1902 karibu na Chicago, katika jamaa ya Waprotestanti wenye kushika dini kwa nguvu: hakuna karata, hakuna dansi, hakuna pombe. (Sisi wa internati tunajua hali hiyo!) Mwaka 1922 alichaguliwa kwenda Uchina, kwa mkutano wa wanafunzi wakristo wa dunia. Kule melini mawazo yake juu ya Yesu yalianza kuachana na ya wazazi. Hata hivi aliingia shule ya teolojia ya New York. Kisha miaka miwili akaiacha, akavuka barabara, akaenda kusoma pisikolojia. Hatumsifu kwa jambo hilo, lakini hatuwezi kulificha.

Katika mji wa Rochester alifanya kazi miaka 12 na watoto wenye matata. Kulikuwa mama mmoja mwenye mtoto mtundu. Rogers alijaribu sana kumwonyesha kosa lake, kumbe mama hasikii kitu. Wakapatana waache tu. Mama alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama wanapokea watu wakubwa pia. Akarudi kuketi, akaanza kutoa maneno ya ndoa yake, shida tupu. Rogers akanyamaza, akasikiliza. Nyuma hata mtoto akatulia. Pale Rogers alishika kwamba mwenye kuumia ndiye anajua panapouma. Na sisi je? Mwenzetu hajamaliza kusema, tumekwisha kumpa shauri.

Alitoa vitabu, akafundisha Japani mwaka 1961. Mwaka 1972 alikutanisha Waprotestanti na Wakatoliki wa Belfast, kule Ireland ya Kaskazini, walipokuwa wanauana. Maneno ya uchungu ilitoka ya kwanza. Lakini kisha kurudi kwao, wamoja walizunguka wawili wawili, Mprotestanti na Mkatoliki, wakionyesha filme ya mazungumzo yale. Vita haikuisha, ni kweli. Mwaka 1982 alikuwa Johannesburg, wakati wa ubaguzi, weusi na weupe katika chumba kimoja. Mwaka 1986, mzee wa miaka 84, alifika Moscow na Tbilisi.

Mwaka uliofuata alianguka, akavunjika nyonga. Alifariki tarehe 4/2/1987 huko California.