An Wang: Alianza na dola 600 na wazo moja kuhusu memori

Simu ikizima ghafla, picha zako zinabaki, lakini fomu uliyokuwa unajaza mtandaoni imepotea. Picha zinakaa kwenye memori ya kuhifadhia, ile ya GB 64 au 128. Fomu ilikuwa kwenye RAM, memori ya kazi za papo hapo, ambayo bila umeme haishiki kitu.

An Wang alihangaika na mambo haya zamani sana. Alizaliwa Shanghai, China, mwaka 1920. Miaka ya vita alifiwa na wazazi wote wawili. Mwaka 1945 alikwenda Marekani, na miaka mitatu baadaye akapata udaktari wa fizikia Harvard, kisha akaingia maabara ya kompyuta ya Howard Aiken.

Kazi aliyopewa: kutunza taarifa kwa sumaku, bila chombo chochote kinachozunguka. Pete ndogo ya sumaku ikielekea huku ni 1, ikielekea kule ni 0, na umeme ukikatika haisahau. Shida moja tu: ukiisoma, unaifuta!

Wang alikwama, hadi alipong'amua kwamba kufutika si tatizo. Soma, halafu andika upya hapo hapo. Basi. RAM ya simu yako haitumii sumaku, inatumia chaji ya umeme, lakini nayo inafutika ikisomwa na kuandikwa upya vilevile.

Aliomba hataza mwaka 1949. Mwaka 1951, akiwa na mke na mtoto mdogo, aliacha Harvard akafungua kampuni yake Boston kwa akiba ya dola 600.

Hakuwa peke yake lakini. Jay Forrester wa MIT ndiye aliyezipanga pete kama wavu, zikawa memori kamili.

Mwaka 1956 Wang aliiuzia IBM hataza yake kwa dola 500,000. Hela nyingi, ila kwa maoni yangu aliuza mapema: pete hizo zilitawala kompyuta hadi miaka ya 1970, zikafika mpaka mwezini na vyombo vya Apollo.

Kampuni yake ilitajirika kwa vikokotoo na mashine za kuchapia, ikafikisha wafanyakazi zaidi ya 30,000. Kisha kompyuta binafsi zikaipita. Alikuwa amemkabidhi mwanawe Fred uongozi. Mwaka 1989, hasara zikiongezeka, akalazimika kumwondoa mwenyewe. Saratani ilimuua Machi 1990, akiwa na miaka 70. Kampuni ilitangaza kufilisika mwaka 1992.