Rosalie Edge: Mama aliyekodi mlima mzima ili mwewe wapite salama

Mwaka 1934 uchumi wa Marekani ulikuwa hoi. Kazi hakuna, pesa ya shida. Katikati ya hali hiyo, mwanamke mmoja wa New York mwenye miaka 56 alikopa dola 500 akaenda kukodi mlima. Hakuwa na mpango wa kulima wala kuchimba madini. Alitaka tu mwewe wapite bila kupigwa risasi.

Mama huyo ni Rosalie Edge.

Alizaliwa mwaka 1877 katika familia yenye uwezo. Kupambana alijifunzia kwenye harakati za kudai haki ya wanawake kupiga kura, haki iliyopatikana nchi nzima mwaka 1920. Ndoa yake ilipovunjika, akawa anaenda sana Central Park kuangalia ndege. Kumbe hapo ndipo maisha yake yalipogeukia.

Mwaka 1929, akiwa Paris, alipokea kijitabu kilichodai kwamba vyama vya kulinda ndege Marekani vimekaa kimya huku ndege wakiisha. Kilimkera. Aliporudi New York alienda kwenye mkutano wa chama kikubwa cha ndege, Audubon, akasimama na kuwauliza viongozi maswali magumu. Mwaka huohuo akaanzisha kamati yake ya dharura ya uhifadhi. Viongozi wa Audubon walipomnyima orodha ya wanachama ili asiwaandikie, alienda mahakamani, na mwaka 1931 akashinda.

Mlima wa mauaji

Kila vuli, mwewe, vipanga na tai huondoka Kanada na kaskazini mwa Marekani kukimbia baridi. Jimboni Pennsylvania kuna safu ndefu ya milima. Upepo ukigonga ubavu wake hupanda juu, na ndege hawa huudandia. Wanasafiri mbali bila kujichosha kupiga mabawa.

Shida ni kwamba kwenye kilele kimoja walikuwa wakipita chini sana. Wawindaji walilijua hilo. Walijipanga juu ya miamba na bunduki, wakapiga kila kinachopita. Wakati huo mwewe alionekana adui tu, mwizi wa kuku na wa wanyama wa kuwindwa. Jimbo lenyewe lilikuwa likilipa dola 5 kwa kila mzoga wa aina moja ya mwewe mkubwa. Lakini juu pale nani alichagua aina? Waliokufa waliachwa waoze, waliojeruhiwa waliachwa wafe polepole.

Mwaka 1932 kijana mmoja, Richard Pough, alikusanya mizoga hiyo, akaipanga mistari kwa mistari msituni na kuipiga picha. Edge aliziona picha hizo. Alisubiri vyama vikubwa vichukue hatua. Muda ukapita, kimya. Basi akaamua kufanya mwenyewe.

Kutoka bunduki hadi daftari

Ekari alizokodi zilikuwa karibu 1,400, akakubaliana na wenyewe kwamba baadaye anaweza kuzinunua. Na kweli zilinunuliwa, zikakabidhiwa kwa shirika la kuzilinda moja kwa moja. Ndiyo hifadhi ya Hawk Mountain, ya kwanza duniani iliyoanzishwa kwa ajili ya ndege wawindaji.

Kazi ya ulinzi aliwapa wanandoa vijana, Maurice na Irma Broun. Irma alisimama getini na kuwaambia wanaume wenye bunduki kwamba mlima umefungwa. Walifoka, wakatisha, lakini hawakupita. Msimu huohuo milio ya risasi ikaisha pale juu.

Maurice naye alipanda kileleni na darubini, akaanza kuhesabu. Siku baada ya siku aliandika mwewe wangapi wamepita, tai wangapi, wa aina gani. Ukiondoa miaka ya vita alipokuwa jeshini, aliendelea hivyo vuli baada ya vuli.

Kwa mtu wa pembeni ilionekana kazi ya kupoteza muda. Sasa sikia ilichofanya.

Tai mwenye kichwa cheupe, yule wa kwenye nembo ya Marekani, akiwa mdogo huwa na manyoya meusimeusi mwili mzima. Kwa hiyo mhesabuji makini anaweza kutofautisha mtoto na mkubwa. Kati ya 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai waliopita walikuwa wadogo. Kati ya 1955 na 1959, walibaki asilimia 20 tu. Mwaka 1957 alionekana mtoto mmoja kwa kila wakubwa 32. Tai walikuwepo, ila hawazai.

Mwandishi Rachel Carson alimwomba Broun takwimu hizo na kuzitumia kwenye kitabu chake Silent Spring, kilichotoka Septemba 1962 kuonya kuhusu dawa za kuua wadudu, ikiwemo DDT. Baadaye wanasayansi walithibitisha kwamba DDT ilifanya maganda ya mayai kuwa membamba, yakavunjika kabla ya kuanguliwa. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 1972. Mwaka 2007 tai huyo akaondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Bila hesabu ya miaka ambayo hakuna aliyedhani kuna tatizo, nani angejua kwamba watoto wamepungua?

Edge hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki Novemba 30, 1962, miezi miwili tu baada ya kitabu hicho kutoka. Wiki chache kabla, alihudhuria mkutano wa Audubon, chama kilekile alichokipeleka mahakamani. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Hadi leo, kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Desemba, wahesabuji hukaa juu ya miamba ileile, darubini mkononi, wakiandika kila mwewe anayepita.